Pengo la Mama yake Lemayani

Alhamisi, Karatu

Tena mimi ndiye niliyemwambia afute!

Lemayani alikuja studio na lori kutoka Olbalbal, na simu yenye picha moja ya marehemu mama yake. Hakuwahi kupigwa nyingine. Alitaka niikuze aitundike nyumbani.

Ilikuwa hafifu, nikaipitisha kwenye ile programu mpya inayosafisha sura. Dakika moja tu, mama akang'aa. Nikajiona fundi kweli.

Simu yake ilikuwa imejaa. Nikamwambia afute ya zamani nimrushie mpya. Akafuta bila kuuliza. Mimi nami kwenye kompyuta nilikuwa nimehifadhi mpya juu ya ile ya kwanza, kama ninavyofanya kila siku kwa picha za pasipoti.

Nikachapa, nikampa. Akaiangalia muda mrefu.

"Fundi, huyu mama ni wa nani?"

Ndipo nikaona. Mama yake aling'olewa meno mawili ya chini utotoni, kama Wamaasai wa rika lake. Programu imeliziba pengo. Masikio yaliyovutwa hadi karibu na mabega imeyafupisha, yakawa kama yangu. Imeona kasoro, ikasahihisha. Na mimi Mwiraqw wa hapa Karatu, niliyekua na Wamaasai mnadani, sikuona kitu.

Nimeitafuta ile ya kwanza hadi macho yanauma. Haipo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Binti yangu hakumkuta bibi yake. Nilitaka amjue."

Akaifunga ile niliyochapa ndani ya shuka lake, akaondoka nayo.

Sasa mtoto yule atamwita bibi mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa.