Trekta Nililolifunika Kando ya Kaburi Lako

Baba,

Leo ni Jumamosi mchana na nimekaa kwenye kile kiti chako cha plastiki, kile ulichokishona mguu kwa waya. Niko hatua sita kutoka ulipolala. Mama ameenda mkutano wa kina mama kanisani, kwa hivyo hakuna wa kuniuliza ninaandika nini. Kuna mtu amenituma kwako. Nimejaribu kukusemesha kwa sauti nikashindwa, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Kwanza uniwie radhi kwa hili turubai. Hicho kitu kikubwa kando yako, kilichofunikwa na kufungwa kamba kila upande, ni trekta. Mama anadhani nimelifunika lisinyeshewe. Baba, hapa Waithaka hatujaona mvua wiki ya tatu sasa. Nimelifunika ili usilione. Najua hilo ni jambo la kitoto, lakini nimelifanya, na kila asubuhi nikienda kazini napita hapa nikiangalia chini.

Lako la zamani lilikufuata haraka. Injini ilikataa kabisa, na Wekesa, aliyeliendesha miaka kumi na tisa, akalipapasa boneti akasema, "Hii ilikuwa inangoja Mzee tu." Tukakubaliana tununue jingine. Wateja wako wa Ngong na Ndeiya walikuwa bado wanapiga simu, na Wekesa analisha watoto wanne kwa usukani huo, huko kwake Bungoma na hapa. Wakanichagua mimi nikanunue. Si mimi ndiye afisa wa ununuzi? Si mimi ninayeshinda ofisini mjini, orofa ya saba, nikilinganisha bei za watu?

Kazini kwetu mambo ni rahisi. Unaitisha kotesheni tatu, zile karatasi za bei, unazipanga mezani, ya chini inapita. Nimenunua hivyo karatasi, viti, wino wa printa, hata maji ya kunywa. Kiti kikivunjika unaleta kingine. Hakuna msimu wa viti, na hakuna mtu anayelala njaa kwa sababu kiti kimechelewa wiki mbili.

Wewe ulikuwa na njia yako, na niliijua. Nilikuwa darasa la tano uliponipeleka kwa wale wauzaji wako wa trekta, wa mjini. Muuzaji alitoka na tai yake na kalenda za bure, ukampita kana kwamba ni nguzo ya stima. Ukaenda nyuma kabisa, kwenye kaunta ya vipuri, ukaitisha filta ya dizeli. Halafu ukaninunulia soda, ukanikalisha kwenye benchi. "Kunywa kama kawaida," ukaniambia. "Ikiisha kabla filta haijafika, tunaenda nyumbani."

Yule mama wa kaunta alikuwa amenipa peremende. Nikamwonea huruma, nikaanza kuinywa ile soda kwa matone, naigusa tu na ulimi. Filta ilipofika, chupa ilikuwa bado na soda ya vidole viwili. Ukaitazama chupa, ukanitazama mimi, ukacheka mpaka kofia ikaanguka. "Shiku, wewe unanunulika!" Ulimwambia Mama, ukamwambia Wekesa, ukawaambia wageni wote waliowahi kunywa chai kwetu. Miaka yote nilicheka pamoja nanyi.

Na hukukosea kuwachagua wale watu. Nakumbuka mwaka ule trekta lilipokufa Ndeiya mvua ikiwa imeanza, fundi wao akaja siku hiyohiyo na kipuri kimoja kidogo cha mpira mkononi, akalala kwenye matope chini ya trekta mpaka likanguruma. Ulimfungia viazi vitamu akaenda navyo. Mimi niliona viazi tu. Sikuona ulichokuwa umekinunua.

Kwa hivyo nilifanya hivi. Wale wako wa zamani walinipa kotesheni ndefu. Ndani yake kulikuwa na fundi wa kuja shambani, vipuri na huduma ya miaka miwili. Nikapiga mstari wa kalamu juu ya hayo yote, nikasema hawa wanatuuzia hewa. Kisha nikaenda kwenye yadi moja mpya kando ya Waiyaki Way, ukikaribia kuingia Loresho, bendera na maputo kila mahali. Trekta lilikuwa jekundu linang'aa, na bei yake ilikuwa chini kwa mbali.

Wekesa nilikuwa naye. Hakusimama kwenye maputo. Alienda moja kwa moja nyuma, kama wewe. Huko hakukuwa na kaunta, kulikuwa na ukuta na jenereta. Akarudi akamwomba muuzaji filta, muuzaji akacheka, "Mzee, hii ni mpya, filta ya nini? Ikihitajika tuta-order." Wekesa akanivuta kando. "Shiku, hii tinga ni poa, sikatai. Lakini ikianguka, nani atakuja?"

Baba, nilimjibu Wekesa, muuzaji akisikia. Nilisema, "Wewe ni dereva. Kazi yako ni kuendesha."

Mtu niliyemwita Anko Wekesa mpaka nikamaliza kidato cha nne. Mtu aliyenifundisha kurudisha trela nyuma hapo kwenye lango, wewe ukipiga kelele kwamba nitabomoa choo. Alinitazama kidogo. "Sawa, madam." Hajawahi kuniita madam maishani mwake.

Kuna jingine, na hili ndilo linalonifanya nishindwe kukaa karibu nawe. Pesa zilizobaki nilijua mapema nitazifanyia nini. Hizi taili nyeusi zilizo juu yako zilitoka humo. Siku ya ukumbusho wako watu walizisifu, Baba Mdogo akasema Shiku ana kichwa cha biashara, nami nikajaa kichwa kweli. Umelala chini ya kile nilichokata kwenye kotesheni.

Wiki ya tatu ya kulima Wekesa alinipigia simu kazini. Oili inavuja kwenye mikono ya kuinulia jembe. Nikapigia yadi. Wakasema fundi wao ni mmoja, na yuko Kitale, tuendelee tu pole pole. Jioni Wekesa akapiga tena, inavuja zaidi, tusimamishe. Lakini yule mjane wa Ndeiya, uliyekuwa ukimlimia wa kwanza kila mwaka, alikuwa anangoja na mawingu yameshajaa. Nikamwambia Wekesa aendelee. Kesho yake mikono ikalegea, jembe likakwama ardhini katikati ya shamba la yule mama.

Trekta likarudishwa hapa nyumbani bila jembe, kipuri kikawa cha wiki mbili. Halafu cha mwezi. Halafu kiko bandarini. Halafu simu yangu ikawa haishikwi. Mvua ikanyesha yote. Mjane wako alipanda nusu ya shamba kwa jembe la mkono, ile nusu nyingine ikabaki nyasi.

Tukaitwa kikao pale sebuleni. Mama yuko, Baba Mdogo yuko. Baba Mdogo akauliza, "Kwani huyu dereva hakuona oili ikimwagika?" Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema lolote. Ningesema hata sijui. Nilisema neno moja tu.

"Hakuniambia."

Wekesa alikuwa barazani anavua gambuti, na mlango ulikuwa wazi. Hakuingia kujitetea. Asubuhi alimletea Mama ufunguo umefungwa kwenye leso, akamshukuru kwa chai ya miaka kumi na tisa, akaondoka. Baba Mdogo akasema afadhali. Habari ikafika Ngong na Ndeiya kwamba Wekesa ameua trekta la marehemu, na hakuna mwenye trekta aliyempa kazi tena. Miezi minne, Baba. Miezi minne nimekuwa nikisalimia watu kanisani na neno hilo liko mdomoni mwangu.

Jumatano iliyopita niliomba ruhusa kazini nikaenda Kitisuru. Nilikuwa nimesikia yuko huko, anakata nyasi kwenye nyumba moja ya ua mrefu. Nilimkuta anasukuma mashine ndogo, mtu aliyekuwa akipindua shamba zima kabla ya chakula cha mchana. Akaizima, akavua kofia. Ndiyo, alinivulia kofia mimi. Nilimwambia yote, nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi. Nililia pale langoni mpaka askari akatoka kuangalia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mzee umemwambia?"

Nikasema bado.

"Anza na Mzee. Halafu wale uliwaambia. Mimi unaniambia kitu najua." Akavuta kamba ya mashine, ikanguruma, akaendelea na nyasi zake.

Basi, Baba, ndiye aliyenituma.

Turubai nimelifungua sasa hivi, kabla sijafika mwisho wa barua hii. Liangalie trekta. Bado linang'aa, hata kovu halina, na halijainua jembe tangu siku ile. Litauzwa kwa bei yoyote litakayopata, na gari langu dogo litalifuata. Tukipata cha kutosha nitarudi kwa wale wako wa mjini, na Wekesa akikubali kuja, maana hajasema atakuja, ataenda nyuma yeye kwanza. Mimi nitakaa kwenye benchi na soda yangu. Nitainywa kama kawaida.

Kesho baada ya ibada Baba Mdogo anakuja kula kwetu. Yule mjane wa Ndeiya nimemwalika pia, amekubali, hajui anaitiwa nini. Mama amenunua kuku akidhani nina mchumba wa kutambulisha. Naogopa sana, Baba. Naogopa uso wa Mama kuliko wa wote.

Lala salama. Nitakuja kukaa hapa tena kesho jioni, na safari hii nitakaa karibu. Nimekuwa nikipangusa taili zako na kujaribu kulitamka lile neno la kesho, nisije nikaliongezea sababu wala kulizungusha. Wakinyamaza wote, nitaweka kijiko chini na kusema:

Aliniambia.

Binti yako,
Wanjiku