Mtoto wa Mamer

Nyariek, siamini! Nimetoka sasa hivi kwa Wangari, yule mshauri wa wanandoa hapa kambini Kakuma.

Nilikwenda na shemeji Majak. Unajua desturi yetu: mume wangu Mamer alipokufa, Majak alinirithi ili watoto atakaozaa nami wahesabiwe wa marehemu kaka yake. Sasa anataka huyu mtoto mdogo aitwe wake.

Wangari akaniuliza, "Baba wa mtoto ni nani?"
"Mamer."
"Yuko wapi?"
"Alikufa kabla hatujafika Kenya."
Akamtazama mtoto akinyonya. "Mama, wewe unahitaji maombi!"

Maombi, Nyariek!

Majak akacheka. "Dada, mwambie tena."
Wangari akamgeukia. "Baba ni wewe, hongera! Haya, shikaneni mikono."

Nilikwenda kulitetea jina la mume wangu. Nimerudi mjane mara ya pili, na mshauri amenipigia makofi.