Zamu ya Kuosha Tangi

Madale,
Jumapili.

Dada Felicitas,

Shikamoo dada. Nategemea wewe na shemeji hamjambo, na mguu wa mama umeacha kuvimba. Mie mzima, na uzuri unazidi. Usishangae kupata karatasi zama hizi: simu yangu tangu jana imefungiwa kabatini kwa Bi Gulbahar, itakaa humo mwezi mzima, sababu utaikuta mbele. Mwandiko usiucheke. Niliishia kidato cha pili, lakini akili niliondoka nayo.

Hapa hujafika, nikueleze. Ni kaya tano, kiwanja kimoja, geti moja, tangi moja la maji. Wenyewe walinunua pamoja wakiwa walimu wa shule moja, wakaandika na katiba. Humo imeandikwa kwamba watu wawili wakinuniana zaidi ya wiki mbili, wataosha tangi pamoja: mmoja ndani anasugua, mwingine juu anashika ngazi na kupokea ndoo. Nilipoisoma nilicheka. Nilikuwaga mjinga.

Mwezi uliopita panya alikutwa kafia ndani ya tangi. Mfuniko ulikuwa wazi, na zamu ya maji ilikuwa ya dada Tupokigwe, rafiki yako aliyenipokea kwa ajili yako. Bi Gulbahar, yule mama wa Kihindi wa mlango wa pili, akasema mbele za watu kwamba maji yale anayanywa na anayatawadhia, na uzembe ule ni wa mtu asiyejali wenzake. Dada Tupo akaapa kwamba alifunga. Hakuaminiwa. Basi wanawake waliokuwa wakipelekeana sambusa na ndizi kila Ijumaa, wakawa hata salamu hakuna. Dada Tupo akaanza kutafuta mtu wa kuchukua sehemu yake, ahamie Gongo la Mboto kwa binamu yake. Akiondoka yeye, na mie nimeondoka.

Jana, wiki ya tatu, mwenyekiti wetu Mzee Revelian akasema katiba ni katiba. Dada Tupo akaingia ndani. Bi Gulbahar, na magoti yake yale, akashika ngazi. Mie nikasimama mikono kiunoni, msimamizi.

Dada, tangi tupu ni spika. Nusu saa ilikuwa brashi tu, kwaru kwaru. Halafu dada Tupo akasema humo humo, na ua zima likasikia, kwamba mwaka ule mume wa Bi Gulbahar, Mzee Husseinali, alipolazwa, huyo mama ndiye aliyekuwa akiacha mfuniko wazi, na yeye Tupo akiufunga kimya kimya, kwa sababu alijua mwenzake ana mgonjwa. Bi Gulbahar akainamia tundu, akauliza taratibu: kama si wewe mwanangu, basi nani?

Nikasema ni mie.

Nyumbani kwa dada Tupo mtandao haushiki, mpaka nipande juu ya tangi. Nilikuwa nimekaa pale naongea na binti wa Boko, anaitwa Blessing. Siku ile akakubali niende kwao, nikashuka mbio, mfuniko nikausahau. Wiki tatu nikamwangalia dada Tupo akifunga mizigo, domo langu hili lote likakosa neno moja. Mzee Revelian akauliza niliufungulia nini. Nikajibu nilikuwa nakagua maji. Wewe nakupa ukweli, usimwambie mtu: joto lilikuwa kali, nilitumbukiza miguu.

Hawakunipiga. Wakamtoa dada Tupo, wakaniingiza mie, Bi Gulbahar akachukua simu yangu na kuchomoa ngazi. Nikiwa humo nikasikia vikombe. Bi Gulbahar akamwuliza dada Tupo kama bado anataka kwenda Gongo la Mboto. Dada Tupo akamjibu kwamba chai haina tangawizi. Wakacheka, kile kicheko chao cha zamani.

Kusugua nilimaliza mapema, dada. Ngazi sikuiomba.

Mbusu mama, na shemeji mwambie bado namshinda urefu. Blessing ameshapiga mara mbili. Anapokea Bi Gulbahar, na nasikia wanaelewana sana.

Mdogo wako mtiifu,
Daniel, msugua tangi mkuu wa Madale.