Miche ya Kakao Kutoka Uganda

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Bibi yako anakusalimu, ila magoti bado yanamsumbua.

Umeuliza kama utuletee mbegu za kakao kutoka huko Brazili, tuzijaribu hapa Runzewe. Ujanani nilileta miche kutoka Uganda, nimeifunga kwa gunia bichi. Ikashika vizuri. Baada ya mavuno, ng'ombe wa majirani wakaingia shambani kula mabua ya mahindi, kama ilivyo desturi yetu. Niliona aibu kuizungushia miiba, nisionekane mchoyo. Haukusalia hata mche mmoja.

Siku hizi ng'ombe hawaji. Baba zako wadogo wamelichimba shamba lote maduara, yale mashimo ya kutafutia dhahabu. Niliona aibu tena kuwakataza.

Usilete mbegu. Udongo wa kupandia umefukiwa chini ya kifusi.

Babu yako