Saa Kumi na Moja ya Gurudumu

Misigiri, Iramba
18 Novemba 2024

Dada yangu mpendwa Flora,

Shikamoo dada. Bwana Yesu asifiwe. Naomba barua hii ikukute umeketi, mguu umeunyoosha kwenye kigoda kama ulivyoagizwa hospitali, wala si shambani unabishana na jembe. Je, uvimbe umepungua? Na ile dawa ya kuchua niliyompa mke wa mwinjilisti akuletee, uliipata, au amejichua nayo yeye? Wasalimie wote hapo Mtinko, hasa wajukuu. Sisi huku tupo, kwa kiasi tunachojaliwa. Mvua bado. Mashamba tumeshayasafisha, tunaangalia mawingu yanapita kwenda kwa wengine.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Dada, simu yako inapokelewa na wajukuu, na meseji zako zinasomwa kwa sauti mpaka jikoni. Haya ninayotaka kukuambia si ya jikoni. Hata mchungaji sijamwambia.

Shemeji yako Ezekieli ameketi hapa mlangoni, ringi ya baiskeli ya mtu iko magotini kwake. Anaipiga spoki moja moja kwa ukucha, anasikiliza mlio wake, iliyolegea anaikaza. Watu bado wanamletea kazi, wengine kwa kumwonea huruma, na yeye anajua. Anasema hata huruma inanunua sukari. Lile jicho la kulia lililokuwa limebaki lilizima mwezi wa kumi, wiki ya pili. Aliamka akaniuliza mbona leo sijafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, dada.

Safari yetu ya Dar es Salaam umeisikia kwa mwanao Chrispin, lakini yeye alikuambia kwa ufupi kama vijana wanavyosema mambo. Ngoja nianze mwanzo.

Mwezi wa nne daktari wa macho alituambia kwamba presha ya macho imeshakula sana, na dawa anazompa ni za kuchelewesha tu. Akamwambia mzee, kama kuna kitu unatamani kukiona, kakione mwaka huu. Mimi nikajua atamtaja Peniel wetu na watoto wake kule Mwanza. Yeye akataja gurudumu.

Ni lile gurudumu kubwa la kupandisha watu, lililoko kwenye bustani ya michezo kule Dar. Chrispin alimletea kalenda yenye picha yake, akaitundika pale anapofanyia kazi, na kila mteja alikuwa lazima aonyeshwe. Anawaambia, tazameni, hiyo ni baiskeli ya Mungu, imepinduliwa chini juu inasubiri fundi. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja tu: kama lile dude linaning'inia kwenye spoki zake kama baiskeli, au limesimama juu ya vyuma vyake kama mkokoteni. Kwenye picha haionekani. Mtu amekaza spoki miaka thelathini, akasema anataka akae ndani ya gurudumu mara moja, azione zinavyompita.

Alitaka twende wiki ileile. Unamjua. Ndiye yule aliyetumwa chumvi akarudi na mbuzi. Ndiye aliyeingia kanisani siku ya harusi yetu na mafuta meusi mpaka kwenye viwiko, kwa sababu alimkuta mtu njiani cheni imekatika. Na mimi unanijua. Ukatibu wa umoja wa wanawake nimeushika miaka kumi na minne, na hakuna semina iliyowahi kukosa maji ya kunawa. Nikamwambia safari si kuruka ukuta. Tusubiri alizeti ivunwe. Ilipovunwa nikasema ikamuliwe kwanza. Mwezi wa saba palikuwa na semina ya jimbo. Nikanunua daftari, nikaandika kila siku na mambo yake, kila saa na jambo lake. Yeye akawa anawaambia watu kwamba mke wake akitaka kupiga chafya anaipangia siku. Jirani yetu Febronia naye hakukosa la kusema. Alipita hapa akauliza kama na mvi zetu tutapewa bembea ya watoto au ya wajukuu.

Tukaenda mwezi wa tisa. Dada, ukweli niuseme, kati ya mwezi wa nne na wa tisa jicho la kushoto lilikwisha, na la kulia likawa linaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la fremu ya baiskeli. Kilicho mbele anakiona, cha pembeni hakipo. Lakini alikuwa bado anaona. Kwenye treni ya umeme kutoka Dodoma alikaa dirishani kama mtoto, akawa anageuza kichwa chote ili aone mti mmoja.

Ile siku yenyewe niliipanga hivi, ninakuandikia kama ilivyo kwenye daftari: saa tatu kuingia, saa nne chai, saa tano kutazama samaki, saa saba chakula, saa tisa kupumzika, saa kumi na moja gurudumu. Gurudumu niliweka mwisho kwa makusudi. Unakumbuka kwetu tulivyokuwa tunakula ugali na mchuzi kwanza, kipande cha nyama tunakisogeza ukingoni mwa sahani mpaka mwisho? Mama alikuwa akitucheka. Ndivyo nilivyofanya. Nilitaka amalizie na utamu. Na Chrispin aliponitumia meseji kwamba tiketi za gurudumu huuzwa kwa saa na yetu ameshaikata ya 11:00, nilipiga magoti. Nilisema Mungu amepanga pamoja nami.

Chrispin alitufikisha mlangoni akaenda kazini. Mambo ya mle sitayamaliza. Kuna maji yanashuka kama korongo la masika na watu wanateleza humo wakipiga mayowe, wengine watu wazima kuliko sisi. Ezekieli alifurahi, alimwamkia kila mtu, hata sanamu ya twiga aliiuliza habari za nyumbani. Saa tano tulikuwa kwenye vioo vya samaki. Akasimama ghafla, akanishika mkono, akasema, Mama Peniel, twende sasa hivi. Jua liko juu, naona vizuri, nimeliona lile pale juu ya miti, linanisubiri. Nikamwambia bado. Akasema dakika kumi tu, samaki hawatakwenda popote, wamefungiwa. Watu wakacheka, na mimi nikaona haya, nikafungua daftari mbele yao nikamwonyesha kwa kidole: saa kumi na moja. Nikamwambia yeye bila mimi hata Singida mjini asingefika, angeishia njiani anatengeneza cheni za watu. Akacheka pamoja nao. Akakaa chini. Akasema, sawa, katibu.

Gurudumu hatukupanda. Hilo umeshalisikia, kwamba siku ile liliharibika. Kesho yake tukapanda treni kama ilivyoandikwa, tukarudi.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Jicho lilipozima, nilidhani atavunjika. Hakuvunjika. Jumapili iliyofuata aliomba nafasi ya kushuhudia. Mwinjilisti Amosi akamshika mkono mpaka mbele. Akasema kwamba yeye kwa papara zake alitaka kulipanda lile gurudumu asubuhi, mke wake akamzuia kwa daftari, naye akamnung'unikia moyoni. Kumbe Bwana alikuwa anamtumia mke wake! Maana jioni walipofika walikuta chuma kimekatika. Akauliza kanisa zima, je, kingekatika tuko juu? Akasema Mungu amemnyima macho, lakini amemwachia uhai na mwanamke mwenye mpango. Wamama wakapiga vigelegele. Wengine walinishika mikono wakilia. Hata Febronia alikuja wiki ileile kuniomba nimpangie harusi ya binti yake, akasema sasa ameelewa daftari langu ni la Roho.

Dada, gurudumu halikuharibika.

Nimeandika. Acha nimalize kabla mkono haujakataa.

Saa kumi na moja jioni nilimkalisha Ezekieli kwenye benchi, nikaenda peke yangu kwenye dirisha la tiketi na ile karatasi aliyotukatia Chrispin. Binti wa pale akaiangalia, akaniangalia, akasema kwa upole, mama, hii ilikuwa ya saa tano. Nikamwambia imeandikwa kumi na moja. Akasema ndiyo mama, kumi na moja ni saa tano ya asubuhi, ndivyo zinavyoandikwa. Dada, saa yetu ya ukutani unaijua, tumeitega Kiswahili tangu tuoane, na kwenye simu yangu saa haijawahi kuwa sawa. Nimeandika ratiba za semina miaka kumi na minne na sijawahi kuikosa saa. Saa tano! Ndiyo ileile saa aliyosimama kwenye samaki akanishika mkono. Tiketi yake ilikuwa inamwita, yeye akasikia, mimi nikamkalisha.

Sikiliza na hili, maana ndilo linalonichoma zaidi. Yule binti hakunifukuza. Alisema nafasi za jioni zimejaa mpaka kufunga, lakini tuje kesho saa mbili na nusu, kabla watu hawajajaa, atatupitisha kwa karatasi ileile. Hakutaka hata shilingi. Nikamshukuru. Nikageuka kumwendea mume wangu, na ile njia haizidi hatua ishirini, nikiwa na maneno mdomoni: mzee, nimekosea, tutakuja kesho. Nikamwona amekaa ameinua uso, anatabasamu upande ambao gurudumu halipo. Nikakumbuka nilivyomsema pale kwenye samaki mbele za watu. Mdomo ukafunguka wenyewe ukasema, limeharibika.

Nilimwinua haraka, nikamgeuza kabla hajaelekeza uso kule. Lilikuwa linazunguka, dada, nyuma yetu, na watu wamejaa. Akaniuliza hao wanaopiga kelele za furaha wako wapi. Nikasema kwenye maji.

Jioni ile Chrispin alishangaa sana, akasema gurudumu lile hajawahi kusikia limesimama, ngoja awapigie simu awaulize. Nikamkataza. Akasema basi mama mdogo, nibadilishe tiketi za treni, mkae siku moja, baba mdogo apande kesho likishatengenezwa. Ezekieli akainua kichwa. Aliinua kichwa tu akanielekea, anasubiri niseme ndiyo. Na mimi kama ningesema ndiyo, kesho wangefika pale na kuambiwa halijawahi kuharibika. Nikasema hapana, mpango ni mpango, semina inanisubiri. Hapakuwa na semina. Wiki nne baadaye jicho lilizima.

Si kukosea saa kunakonila, kila mtu hukosea saa. Ni kile kichwa alichokiinua.

Chrispin usimgombeze, yeye aliandika sawasawa kama wanavyoandika wote.

Sasa nimefungwa pande zote. Nikimwambia, namnyang'anya ule ushuhuda ambao ndio anaoushika kama fimbo. Ataanza kuhesabu upya kila kitu: mwezi wa nne, mwezi wa saba, saa tano. Na hakuna pa kumrudisha. Nikimpeleka leo atakaa gizani akizungushwa. Nisipomwambia, nausikia kila wiki, kwa wageni, kwa wateja, na kila mara umeongezeka kidogo. Sasa hivi kile chuma kilichokatika kimekuwa viwili. Chakula cha Bwana nimekikwepa mara mbili, nikasingizia mgongo. Naomba, lakini naomba kama mtu anayeongea na nyumba ambayo wenyewe wamehama. Juzi aliniambia nimwelezee lilivyokuwa limesimama, zile spoki zilikuwa za kuning'inia au za kubebea. Nikamwambia za kuning'inia, kama za baiskeli. Alifurahi, akasema alijua. Mimi sikuziangalia hata moja, dada. Nilikuwa nimeshaligeuzia mgongo.

Hivi ninavyoandika ameuliza kalamu hiyo inakwenda wapi. Nimemwambia kwa dada Flora. Amesema nikupe shikamoo yake, na nisisahau kukuandikia jinsi Bwana alivyotuepusha na lile gurudumu. Basi nimekuandikia.

Barua hii anakuletea mke wa mwinjilisti, na bahasha nimeibandika kwa gundi ya viraka, ukiona imeachia ujue imefunguliwa. Ukijibu, nakuomba uandike karatasi mbili. Zamani barua zako alikuwa ananisomea yeye. Siku hizi akisikia bahasha inachanika anasogeza kiti na kuniambia nisome. Karatasi ya kwanza iwe ya kumsomea: habari za mguu wako, za mvua na za wajukuu, na mpe pole yake. Kama utaweza, andika hata mstari mmoja kwamba umemshukuru Mungu kwa ajili ya gurudumu, maana atauliza dada amesemaje. Karatasi ya pili iwe yangu. Humo uniambie ukweli, nimwambie au nikae nalo mpaka mmoja wetu azikwe. Usinionee huruma, na usiniandikie aya za Biblia, ninazijua.

Salamu kwa shemeji na wote wa hapo. Funika mguu usiku.

Nijibu mapema, dada.

Mdogo wako,
Rebeka