Kiti cha Mama Kwenye Ngazi Zangu

Mama amekataa kulala kwangu, Odera, na kiti cha umeme cha kumpandisha ghorofani kimeshafungwa kwenye ngazi. Haya, ndugu yangu, habari za Mombasa? Sisi wa Migori ni wazima, ila mimi bado nimeshikwa na butwaa.

Kiti alikichagua Byron wangu, na unajua akili ya mtoto huyo si ya kuazima. Alipima ngazi zote, akakataa kiti kisicho na mkanda, akachukua chenye betri ili stima ikipotea nyanya yake asikwame katikati. Majirani walijaa sebuleni kutazama. Mama alipanda na mkoba mapajani, akiwapungia mkono kama bibi harusi.

Huko juu akaona kitanda. "Hiki cha nani?"

"Chako, Mama."

"Benta, ni lini mama mkwe alilala chini ya paa la mkwe wake? Uliolewa ukasahau mila za kwetu Rusinga?" Akabonyeza kitufe, akashuka.

Tulipima kila kitu, hilo likatupita. Sasa analala kwa jirani mjane, na kiti kinapandisha nguo zilizofuliwa.

Lakini usicheke. Nilipomwogesha niliona mgongo umevilia damu. Alianguka tena kwenye zile ngazi za mawe za mlangoni kwake, akatuficha. Na bado anataka kurudi huko huko. Wewe ndiye mwanawe wa kiume, kwa hiyo kumjengea nyumba isiyo na ngazi ni kazi yako. Byron ameshachora ramani nzuri kuliko ya fundi yeyote.

Ni mimi dada yako Benta, nikikungoja Rusinga pamoja na ukoo wote tupange ujenzi huo, Jumamosi tarehe kumi na tatu Desemba.