Sweta Lililofuliwa

Chumba cha Pili,
Nyuma ya Karakana ya Vioo.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Binti yetu,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, nikitaraji kwamba waraka huu utakukuta u mzima wa afya, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha kukuondokea. Je, umepata blanketi zito? Sisi huku tu wazima. Mama yako Mdogo goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna tatizo lolote.

Baada ya salamu, madhumuni ya barua hii ni kukuarifu habari za mbwa wako, Soksi. Ningependa ziwe njema. Si njema.

Maelekezo uliyotuachia kuhusu kumzoesha kizimba tuliyafuata neno kwa neno. Tulimlisha humo mlango ukiwa wazi, tukawa tunaufunga kidogo kidogo, na chini tukamtandikia sweta lako kuukuu. Naye aliitikia kwa adabu iliyonishangaza: nilipochukua mkoba wangu kwenda kuwaandikia watu barua za maombi, aliingia mwenyewe, akajizungusha, akalala hadi niliporudi.

Kisha ikaja siku ya kufua. Mama yako Mdogo, ambaye hawezi kuona nguo chafu akanyamaza, alilichukua sweta, akalifua kwa sabuni ya unga, akalipiga pasi, akalirudisha kizimbani likiwa limekunjwa kama la dukani. Soksi alilinusa. Akalinusa tena. Akatoka, na tangu hapo hajaingia kwa hiari yake. Mama yako Mdogo aliniomba nisikutajie jambo hili. Nimekutajia ili usije ukalisikia kwa mwingine ukamlaumu.

Sasa humwingiza kwa kumsukuma, naye hulia tangu nigeuzapo ufunguo hadi nirudipo. Amejing'oa ukucha kwenye nyavu za kizimba. Jirani wa juu ni muuguzi wa zamu za usiku, hulala mchana. Malalamiko yake kwa mwenye nyumba ni ya haki. Fundi vioo naye, kila nikipita, huniuliza, "Mzee, mfungwa wako leo kakata rufaa?" Nami hucheka, kwani nifanyeje.

Nilimwandikia mwenye nyumba ombi rasmi, lenye utangulizi, hoja na hitimisho. Alilisoma hadi mwisho, akausifu mwandiko. Kisha akasema, "Baba, barua nzuri. Tatizo ni kwamba mbwa hajaisoma." Ametupa hadi Jumamosi: Soksi anyamaze au aondoke. Nimewaandikia wengi wakapewa walichoomba, hili limenishinda.

Mama yako Mdogo amekuwa akilivaa hilo sweta jikoni, akitumaini litarudiwa na harufu ya mtu. Soksi humfuata kila aendako. Akilitandika kizimbani, mbwa hugeuka. Lina harufu yetu. Yako haimo tena mahali popote humu ndani.

Mlinzi wa ghala la mbao amekubali kumchukua. Si mtu mbaya. Lakini huko mbwa hukaa kwenye mnyororo, na siku ulipoondoka uliniomba jambo moja tu, kwamba Soksi asifungwe mnyororo. Nilikuahidi.

Ningekuomba shati ulilolivaa, lisilofuliwa, ila hakuna posta itakayolifikisha kabla ya Jumamosi. Hata barua hii utaisoma yeye akiwa amekwisha kuhama. Litume hata hivyo. Nitalipeleka ghalani mwenyewe.

Mama yako Mdogo anakusalimu, pamoja na goti lake. Dada yako na mwanawe wanakusalimu pia. Nasi tunamsalimu mwenzako mnayeishi naye chumba kimoja. Mungu akulinde ugenini, akupe usingizi ambao sisi hatuna. Soksi amelala miguuni pangu ninapoandika, nje ya kizimba, mlango ukiwa wazi.

Ni mimi, nisiyeacha kukupenda,
Baba yako Mdogo.